Nani Alikupa Kiti? Mgawanyo wa Viti Bungeni Tanzania tangu 1926

Ibara ya 51 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamtaka Rais, anapoteua Waziri Mkuu, amchukue mbunge anayetokana na jimbo la uchaguzi. Mbunge wa Viti Maalum hawezi kuushika wadhifa huo hata awe amekaa bungeni miaka ishirini. Hawezi pia mbunge wa kuteuliwa, wala yule aliyeletwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Wote wamekula kiapo kilekile, wote huitwa waheshimiwa, na kura zao ukumbini Dodoma zina uzito mmoja. Lakini Katiba yenyewe inajua kwamba viti vyao si vya aina moja. Ibara ya 66 inavitaja: wabunge wa majimbo, wabunge wanawake wa Viti Maalum wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine, watano kutoka Baraza la Wawakilishi, Mwanasheria Mkuu, wasiozidi kumi wa kuteuliwa na Rais, na Spika iwapo hakutoka miongoni mwa wabunge. Orodha hiyo haikutungwa siku moja. Kila aina ya kiti iliingia kwa wakati wake, ikiwa na hofu au tumaini lake. Ukiifuatilia historia hiyo tangu mwanzo, unaona jambo moja likijirudia. Viti huanzishwa kwa hoja ya nani ameachwa nje, lakini tabia yake baadaye huamuliwa na swali jingine kabisa: nani mwenye mamlaka ya kumkalisha mtu kitini na kumwondoa.

1926–1957: Baraza la Gavana

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana mara ya kwanza Desemba 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ambaye ndiye pia aliyeliongoza. Wajumbe wengi walikuwa maofisa wa serikali, waliotazamiwa kuiunga mkono serikali hiyohiyo. Wasio maofisa walikuwa saba, Wazungu watano na Waasia wawili, na wote waliteuliwa na Gavana. Mwafrika hakuwemo hata mmoja katika nchi iliyokuwa ya Waafrika. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna Mwafrika aliyekijua Kiingereza kiasi cha kushiriki mijadala, na kwamba maslahi yao yangesemewa na serikali. Kwa maneno mengine, anayetawaliwa aliwakilishwa na anayemtawala.

Ilichukua miaka kumi na tisa kizuizi hicho kuondoka. Mwaka 1945 waliteuliwa Waafrika wawili, Chifu Kidaha Makwaia kutoka Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame, na miaka miwili baadaye akaongezwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe. Hawakuwa watu wa kubezwa. Lakini ni vema kuangalia waliotafutwa ni watu wa namna gani: machifu, ambao tayari uchifu wao ulitegemea kutambuliwa na serikali ya kikoloni. Aliyewapa kiti barazani ndiye aliyeweza kuwavua uchifu nyumbani, kwa hiyo walifungwa mara mbili.

Mtu aliyeionyesha hali hiyo waziwazi zaidi alikuwa Julius Nyerere. Mwaka 1957 Gavana Edward Twining alimteua kuwa mjumbe, akaukubali uteuzi, akapeleka hoja zake, na kabla ya mwaka kwisha akajiuzulu. Alikuwa rais wa TANU, chama kilichokuwa kikijaza viwanja vya mikutano, lakini ndani ya baraza hakuwa na nguvu yoyote ambayo Gavana hakutaka awe nayo.

1958–1960: Kura tatu

Mwaka 1955 Twining alikuwa amelipanga upya baraza kwa mfumo wa usawa wa rangi. Upande wa wasio maofisa ulikuwa na viti thelathini: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Usawa huo ulikuwa wa hesabu za karatasini tu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa elfu ishirini na kitu. Hata hivyo uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulipopangwa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, uliwekwa juu ya msingi huohuo. Mpigakura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Tena hakuruhusiwa kumchagua mtu mmoja tu: alipaswa kumpigia kura Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, wote kwa pamoja. Asiyetimiza watatu, kura yake iliharibika.

Ndani ya TANU wengi waliona hilo ni tusi, na walikuwa na haki ya kuona hivyo. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikaribia kuususia uchaguzi. Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie, na uamuzi huo ukabaki katika kumbukumbu za chama kwa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress. Msomaji wa leo anaweza kudhani Tabora palishindana woga na ushujaa, lakini hesabu ya kura inaonyesha jambo la kina zaidi. Ulazima wa kura tatu, uliowekwa ili Mwafrika asimkatae Mzungu, ulimfanya pia Mzungu asiweze kushinda bila kura za Waafrika, kwa kuwa Waafrika ndio waliokuwa wengi katika daftari licha ya masharti yote yale. Mgombea wa Kiasia au wa Kizungu ambaye TANU haikumtaka hakuwa na pa kukimbilia. Chama cha United Tanganyika Party, kilichobuniwa kuutetea mfumo wa rangi, hakikupata hata kiti kimoja. Walioingia ni watu kama Derek Bryceson, Marion Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa, wamekaa katika viti vya rangi zao huku wakiwa na deni kwa wapigakura wa rangi zote.

Hapo ndipo naona fundisho lililosahaulika la kipindi kile. Mgawanyo wa viti ulikuwa wa dhuluma tupu, kumi kwa milioni 8 na kumi kwa elfu ishirini. Lakini namna ya kuvijaza ilikuwa bora kuliko mgawanyo wenyewe. Sophia Mustafa hakuteuliwa na jumuiya ya Waasia, wala Marion Chesham hakuchaguliwa na klabu ya walowezi. Kiti kilitengwa kwa kundi, lakini ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa wapigakura wote wa jimbo.

Mfumo wenyewe haukudumu. Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa na viti 71: hamsini vilikuwa wazi kwa yeyote, kumi na kimoja vya Waasia, kumi vya Wazungu. TANU ilichukua 70. Kile kimoja, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Baada ya hapo viti vya rangi vilitoweka bila kelele.

1965–1985: Jembe na nyumba

Katiba ya muda ya 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, na swali la nani anamkalisha mbunge likageuka. Bara ilikuwa na majimbo 107. Mkutano wa wilaya wa chama uliwapigia kura walioomba, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili wakazunguka jimboni pamoja, jukwaa moja, wakihutubia kwa zamu. Walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi. Kwa kuwa wapigakura wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba.

Anayesema uchaguzi ule ulikuwa kiini macho ana sehemu ya ukweli, maana hakuna aliyefika kwenye karatasi ya kura bila ridhaa ya Halmashauri Kuu. Lakini anapaswa kueleza matokeo. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mtu aliyejenga ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, aliangushwa. Bibi Titi Mohamed, sauti kubwa ya wanawake wa TANU tangu miaka ya hamsini, alishindwa Rufiji. Na Morogoro walimchagua Amir Jamal, kama ambavyo Dar es Salaam walimchagua Derek Bryceson, wakiwaacha mbali wapinzani wao Waafrika. Miaka mitano tu kabla ya hapo kulikuwa na viti vilivyotengwa kwa hoja kwamba Mwafrika hatamchagua Mwasia wala Mzungu. Hoja hiyo ilizikwa na wapigakura wa Morogoro na Dar es Salaam, tena bila kulazimishwa na sheria yoyote.

Pembeni mwa viti hivyo 107 viliwekwa vingine, na ndivyo vinavyostahili kuangaliwa kwa makini. Wakuu wa mikoa walikaa bungeni kwa vyeo vyao. Rais aliweza kuteua wabunge kumi. Wabunge wa kitaifa kumi na watano walichaguliwa na Bunge lenyewe kutokana na majina yaliyopelekwa na taasisi kama chama cha wafanyakazi, ushirika na umoja wa wanawake. Zanzibar iliwakilishwa na wajumbe wa Baraza la Mapinduzi wasiozidi 32 pamoja na watu wengine wasiozidi 20, wote bila kura ya wananchi. Ukijumlisha, viti ambavyo mwananchi hakuvigusa vilikaribia vile alivyovijaza kwa jembe na nyumba. Nafasi za kuteuliwa zilipata kazi mara moja: Bomani, aliyekataliwa na wapigakura wake, alirudi serikalini akiwa waziri.

Mwaka 1968 ukaja mtihani mwingine. Wabunge kadhaa waliojulikana kwa kuikosoa serikali, miongoni mwao Joseph Kasella-Bantu na Eli Anangisye, walifukuzwa TANU. Kwa kuwa mbunge alipaswa kuwa mwanachama, walipoteza na viti vyao. Wapigakura wao hawakuulizwa. Kuanzia siku hiyo ilieleweka kwamba hata kiti cha jimbo kina funguo mbili, na ule wa chama unaweza kufungua mlango wa kutokea wakati wowote. Kanuni hiyo ilivuka salama hadi mfumo wa vyama vingi, na mpaka leo mbunge anayeacha au kuachishwa chama chake anapoteza kiti.

Katika mabadiliko ya katikati ya miaka ya 1980 wanawake walipata viti kumi na vitano vya kwao. Wakati huo vilionekana kama nyongeza ndogo miongoni mwa viti vingi vya makundi, na havikuzua ubishi.

Viti vya Muungano

Hapa ni pazuri kusimama kidogo kuhusu Zanzibar, maana ndipo panapotolewa pingamizi kubwa kuhusu haki ya mgawanyo. Wazanzibari walianza kuwachagua wenyewe wabunge wao wa Muungano katika miaka ya 1980, na idadi ya majimbo yao ikatulia kwenye hamsini. Kwa sensa ya 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, yaani takriban 38,000 kwa kila jimbo. Tanzania Bara, yenye watu 59,851,347 na majimbo 222, ina takriban 270,000 kwa kila jimbo. Kwa hesabu hiyo, kura ya Mzanzibari ina uzito wa kura saba za Bara, na wako wanaoliita hilo upendeleo usio na utetezi.

Mimi sioni hivyo. Muungano wa Aprili 1964 ulikuwa mkataba wa nchi mbili, na mshirika mdogo katika mkataba wa namna hiyo hakubali kuhesabiwa kichwa kwa kichwa, kwa kuwa angemezwa siku ya kwanza. Hata ndani ya Bara, Katiba haiitaki Tume ya Uchaguzi iangalie idadi ya watu pekee inapogawa majimbo, bali pia hali ya kijiografia na njia za mawasiliano. Viti hamsini vya Zanzibar vinaweza kujadiliwa wingi wake, lakini mwenye kiti chake anajulikana: ni mpigakura wa Chake Chake au wa Makunduchi, anayeweza kumnyima mbunge wake kura baada ya miaka mitano. Wale watano wa Baraza la Wawakilishi ndio wenye hoja dhaifu, maana wanaletwa na wawakilishi wenzao kwenda kuwakilisha watu ambao tayari wana wabunge.

1992–2010: Hesabu za asilimia

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viti vya wakuu wa mikoa na vya jumuiya za chama viliondolewa. Vya wanawake vilibaki na kukua: asilimia 15 ya wabunge, kisha 20, kisha 30. Mwaka 1995 vilikuwa 37, mwaka 2000 vikawa 48, mwaka 2005 vikawa 75, na mwaka 2010 vikafika 102.

Haja yake haina shaka, na anayetaka vifutwe bila kitu mbadala ajibu kwanza takwimu za majimbo. Mwaka 1995, kati ya majimbo 232, wanawake walishinda manane. Mwaka 2000 walishinda kumi na mawili, na mwaka 2005 kumi na saba. Sehemu kubwa ya tatizo ni gharama za kura za maoni ndani ya vyama, mila, na desturi ya vyama kumsimamisha mwanamke pale wasipotarajia kushinda. Bila Viti Maalum, Bunge la 2005 lingekuwa na wanaume zaidi ya tisa katika kila kumi.

Namna ya kuvigawa nayo ilirekebishwa kwa busara. Mwanzoni kila chama kilipata viti vya wanawake kulingana na majimbo kilichoshinda, jambo lililomwongezea mshindi ushindi. Tangu 2005 hesabu inafuata kura za ubunge za nchi nzima, kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5. Tofauti yake si ndogo. Mwaka huo chama tawala, CCM, kilishinda majimbo 206 kati ya 232, karibu asilimia 89, na kwa hesabu ya zamani kingestahili viti vya wanawake vipatavyo 67. Kwa hesabu mpya kilipata 58, na vyama vya upinzani, CUF na CHADEMA, vikapata 11 na 6. Kura zilizopotea majimboni zilipata mahali pa kusikika.

Kilichobaki bila kuguswa ni mlango wa kuingilia. Mpigakura hamwoni mgombea wa Viti Maalum, wala hajui orodha ya chama imepangwaje. Kwa CCM, jina hupita kwanza katika mkutano wa mkoa wa UWT, umoja wa wanawake wa chama hicho, ambako wajumbe mia kadhaa ndio jimbo lake lote, kisha hupanda kwenye vikao vya juu. Vyama vingine vina vikao vyao, na katika baadhi yake utaratibu umekuwa ukibadilika kila uchaguzi. Mbunge huyo akishaapishwa, Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, haumhusu, kwa sababu hana jimbo. Akienda kwenye kijiji chenye kisima kilichokauka, hana fedha za kuanzia kama mwenzake wa jimbo, na wanakijiji hawana njia ya kumwajibisha asiporudi. Muhula ukikaribia kwisha anawarudia wale wajumbe mia kadhaa.

Kuna pingamizi linalostahili jibu: mbunge wa jimbo naye si huteuliwa na chama? Ni kweli. Tena Tanzania haina mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala hilo tangu miaka ya tisini, Mahakama Kuu ikampa haki zaidi ya mara moja, Mahakama ya Rufani ikalirudisha kwa Bunge mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika jijini Arusha ikaamua mwaka 2013 kwamba kumzuia kulivunja haki zake. Chama kinamshika kila mbunge. Lakini mbunge wa jimbo ana bwana wa pili, mwenye uwezo wa kumfanyia alichofanyiwa Bomani 1965. Mbunge wa Viti Maalum ana bwana mmoja tu.

2013–2025: Rasimu, orodha na karatasi tatu

Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyotolewa 2013, ililishika suala hili kwenye shina. Ilipendekeza Bunge la Muungano la wabunge 75 lisilo na Viti Maalum, ambamo kila jimbo lingechagua wabunge wawili, mwanamke na mwanaume. Ukiitazama vizuri, ni kanuni ileile iliyofanya kazi 1958, iliyosafishwa dhuluma yake: nafasi imetengewa kundi, lakini wanaoijaza ni wapigakura wote. Wapo wanaodai kwamba utaratibu huo hautekelezeki. Jirani zetu wanautekeleza. Kenya, tangu 2013, wapigakura wa kila kaunti kati ya 47 humchagua mwakilishi wao mwanamke, na Uganda kila wilaya ina mbunge mwanamke anayepigiwa kura na watu wote. Bunge Maalum la Katiba la 2014 lilipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye ahadi ya hamsini kwa hamsini, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika.

Kisha ikaja Novemba 2020. Wanawake 19 wa CHADEMA, wakiongozwa na Halima Mdee, aliyewahi kuwa mbunge wa jimbo la Kawe, waliapishwa kuwa wabunge wa Viti Maalum. Chama chao kikasema hakikupeleka orodha yoyote. Tume ya Uchaguzi ikasema imeipokea. Siku chache baadaye chama kikawavua uanachama. Kwa kanuni iliyowaondoa Kasella-Bantu na Anangisye, viti vingekuwa wazi. Havikuwa. Spika hakukubali kwamba wamepoteza ubunge, shauri likaenda mahakamani, nao wakabaki hadi Bunge lilipovunjwa 2025. Mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi usaliti na uaminifu. Naona ulikwepa jambo lililo wazi zaidi: pande zote zilibishana kuhusu karatasi, nani aliiandika, nani aliisaini, nani aliipokea, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo asili pekee ya viti vile. Hapakuwa na watu wa kuwaendea nje ya vikao na kuwauliza, ninyi ndio mliowachagua, mnasemaje?

Mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi iliongeza majimbo manane, yakawa 272, na viti vya wanawake vikahesabiwa upya kwa kufuata idadi hiyo. Oktoba, mpigakura wa Tanzania Bara alipewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge wa jimbo na ya diwani wa kata. Jina la mgombea wa Viti Maalum halikuwemo katika hata moja.